Punda Asiyetembea Bila Pambio

Nimeumbuka mimi leo, wanangu. Na si kule kuumbuka kwa kawaida, unajificha chooni kidogo yanaisha. Nimeumbuka juu ya punda, kwenye barabara kuu, mbele ya malori, mbele ya kwaya, mbele ya baba yangu mzazi. Naandika mwenyewe hapa kwenye kundi la darasa kabla Zabroni hajaituma ile video, kwa sababu Zabroni akisimulia ataongeza chumvi, na kisa hiki chumvi yake inatosha.

Wengi mnamjua mdogo wangu Vumi. Kwa wasiomjua: ana miaka tisa, alizaliwa na mtindio wa ubongo, anatumia kiti cha magurudumu, na ukidanganya mbele yake anacheka kabla hujamaliza sentensi. Haongei. Ana "mmh" moja ya ndiyo, "mmh" nyingine ya hapana, na ya tatu yenye maana ya "Obe amekula nyama yangu". (Hiyo ya tatu, inayonishtaki mimi, Mama anaielewa haraka kuliko zote.)

Tangu mwaka jana, kila Jumamosi, Vumi anapelekwa kwenye kituo kimoja nyuma ya mtaa wetu. Pale watoto kama yeye wanapandishwa juu ya mnyama na kutembezwa taratibu uwanjani. Kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, tunamwita Anti Edina. Yeye alitueleza kwamba mnyama akitembea, mgongo wake unamtikisa mtoto vilevile ambavyo miguu yake mwenyewe ingemtikisa. Kiuno kinakaza, shingo inasimama, pumzi inapata nafasi tumboni. Mimi niliitikia tu kwa heshima. Lakini Vumi wa zamani alikuwa anaegemea kwenye kiti kama shati lililoanikwa. Vumi wa sasa anakaa wima na kunidharau uso kwa uso.

Sasa, huko kwa wenye uwezo kazi hii anaifanya farasi. Sisi Tunduma farasi tunamwona kwenye kalenda. Kituo kina punda. Jina lake Meneja. Alitoka Chitete baada ya kustaafu kubeba mahindi, na jina alipewa kwa tabia: hana haraka, ukimwita haitiki, na asipokuwepo hakuna kinachoanza.

Mimi darasani nilisema farasi.

Ndiyo. Ile picha niliyowatumia, nimeshika kamba, nimekunja uso kama mtu mwenye mashamba, mkaniita bosi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kwa nini farasi wangu anaanzia shingoni kwenda chini. (Nilikata masikio. Masikio ya Meneja hayatunzi siri.)

Kabla sijafika kwenye aibu yenyewe, kuna jambo moja lazima mlijue, la sivyo mtadhani mimi ni mjinga. Meneja hatembei kwa fimbo wala kwa kubembelezwa. Anatembea kwa pambio. Siku za mwanzo watoto walikuwa wanaogopa, kwa hiyo mama zao wakawa wanaimba mapambio ya kanisani huku punda anatembezwa. Punda akashika. Ukiimba, anakwenda. Ukinyamaza, anasimama hapohapo hata kama mguu mmoja uko hewani. Anti Edina alipoona hivyo akaweka utaratibu: mwenye amri ni mtoto aliye juu. Akichoka, au akitaka tu kuonyesha ukubwa, anainua mkono. Anti anasema kwa upole, "Haya, nyamaza," watu wazima wote wanafunga midomo, na Meneja anasimama.

Vumi anaupenda huo mkono kuliko chakula. Anauinua kama waziri. Na wiki za karibuni, Anti akisema "nyamaza", midomo ya Vumi nayo ilikuwa inajikusanya, inatafuta. Sauti haitoki, ila midomo inatafuta. Anti Edina alimwambia Mama, "Mtoto huyu yuko mlangoni. Tusimtoe sasa."

Tatizo ni Baba.

Baba yangu anauza maharage sokoni, na kanisani ni mwalimu wa kwaya. Hajawahi kukanyaga kituoni. Kuna mtu wa kwaya yake alimuuliza siku moja, kwa utani, kama Vumi siku hizi anapelekwa mnadani, maana amemwona juu ya punda. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alirudi nyumbani akasema sentensi ambayo Mama hajaisahau hadi leo.

"Punda ni wa mahindi. Mwanangu si gunia."

Basi akaamua Vumi apelekwe Itumba kwa bibi. Itumba naipenda, ila kule ni mlima juu ya mlima. Kiti cha magurudumu kule kinakuwa pambo la sebuleni, na hakuna Anti Edina wala Meneja. Mama aliomba kitu kimoja tu: Baba aje kituoni aone kwa macho yake. Akiona cha maana, Vumi anaendelea. Asipoona, Jumatatu safari.

Siku yenyewe ndiyo leo.

Asubuhi Mama alinivuta nyuma ya jiko. Akaniambia kazi yangu ni moja, kushika kamba ya Meneja na kufunga mdomo. Hakuniambia nisaidie, hakuniambia niombe. Kufunga mdomo. Ukifikiria vizuri, mwanamke yule alikuwa anatabiri.

Tulifika kituoni kabla ya watoto wengine. Baba alivaa koti lake la kwaya, lile la kijivu, kana kwamba amekuja kuaga maiti. Akamtazama Meneja. Meneja akamtazama yeye, halafu akageuka upande wa pili. Sikuipenda ile picha. Anti Edina akawakaribisha Baba na Mama ofisini kwanza, awaeleze mambo ya mgongo na pumzi. Tandiko lilikuwa limeshafungwa. Vumi tulimwacha kwenye kiti chake chini ya paa la baraza. Mimi nikabaki na kamba.

Kushika kamba tu, mwanangu. Hata jiwe lingeiweza kazi hiyo.

Akatokea Zabroni. Mnamjua Zabroni wa dawati la nyuma, mrefu kama mlingoti, simu mkononi muda wote. Nilisahau kabisa kwamba juzi nilijigamba kwake aje Jumamosi amwone farasi. (Ukidanganya, andika mahali. Ubongo peke yake hautoshi.) Aliingia, akaacha geti wazi kama kwao hakuna mlango, akamzunguka Meneja taratibu.

"Obe," akasema. "Huyu farasi ana masikio kama majani ya mgomba."

"Ni farasi wa nyanda za juu," nikajibu. "Baridi inayavuta."

Pale barazani Vumi akacheka mpaka kiti kikatikisika.

Zabroni akasema sawa, kama ni farasi, panda. Nikamwambia si ruhusa, ni wa watoto. Akasema aha. Ile "aha" mnaijua. Ni "aha" inayotembea, Jumatatu asubuhi inafika darasani kabla yako. Nikatazama mlango wa ofisi: umefungwa. Nikamtazama Vumi: ananipa "mmh" ya hapana, tena mara mbili, kwa msisitizo. Nikapanda.

Tandiko lile ni la watoto. Lina mshikio kwa mbele, na lina mkanda mpana wa kiunoni unaofungwa kwa nyuma ili mtoto asiufungue mwenyewe. Mimi kwa kiherehere nikamwambia Zabroni anifunge, nionekane rubani. Akafunga. Akavuta hadi kifungua kinywa kikanikumbuka.

Nikampiga Meneja visigino. Kimya. Nikafyonza kwa ulimi kama wanavyofanya kwenye sinema. Kimya. Nikamwita kwa jina na kwa cheo. Zabroni alikuwa ameshainua simu, anasema kwa sauti ya mtangazaji, "Mpanda farasi wetu ameegesha."

Sasa mniambie. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Dawa nilikuwa naijua, iko kifuani.

Nikaanzisha pambio.

Meneja akaamka. Akaondoka kwa mwendo wa heshima, kichwa kinapanda na kushuka, na mimi juu yake nikajiona mtu. Tukazunguka uwanja. Zabroni akaacha kucheka, naye akaitikia, maana yule ni wa kwaya ya vijana na pambio likipita karibu yake haliwezi kupita hivihivi. Tukafika usawa wa geti. Geti liko wazi. Na nje ya geti ipo njia ya kwenda mashine ya kusaga, kule barabarani, ambako Meneja hupelekwa siku za kazi kubeba pumba. Pumba zile anazila kidogo akiwa njiani. Kwa hiyo njia ile kwake si njia, ni ahadi.

Akakata kona.

Nikanyamaza papo hapo, sheria naijua. Lakini Zabroni nyuma yangu alikuwa ndiyo kwanza amefika pale penye kiitikio, macho kafumba, simu juu. Nikamwambia acha kuimba. Akadhani ni utamu umenikolea. Nikamwambia basi nifungue mkanda. Akakimbia pembeni yangu, akavuta upande usio wake, mkanda ukazidi kukaza. Na bado anaimba! Nikajaribu kufunga breki kwa miguu, maana inakaribia kugusa chini. Kiatu cha kushoto kikabaki pale. Kama kuna mtu wa mtaa wetu amekiokota, ni changu.

Tukafika kwa akina mama wanaouza mboga.

Naomba niwaambie kitu kuhusu mji wetu, nyie mnaojifanya hamjui. Hapa kwetu ukianzisha pambio barabarani, humalizi peke yako. Mmoja anadaka, wa pili anaweka sauti ya kati, wa tatu anapiga makofi, na pambio lenyewe halina mwisho, ni kuzunguka tu. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha, asije akaonekana amepoa kiroho.

Sasa wale mama waliona nini? Waliona kijana juu ya punda, mguu mmoja peku, na mwingine nyuma yake anaimba. Kwa Mkristo picha hiyo ina jibu moja.

Mama mmoja akanyanyua fungu la matembele akaanza kulipunga.

"Jumapili ya Matawi si ilishapita?" mwenzake akauliza.

"Hawa watakuwa wa dhehebu jingine. Wewe imba."

Wakasimama. Wakatufuata. Na matembele. Nikamwambia yule wa mbele, "Mama, mimi ni Obedi, mtoto wa mwalimu wa kwaya, naomba mnisaidie kushuka." Nilikuwa nimeanza kulia kidogo. Akamgeukia mwenzake akasema kwa kuridhika kabisa, "Anaigiza vizuri huyu. Ona, machozi ya kweli."

Vijana wa bodaboda wakaja na honi. Watoto wakaja kwa sababu watoto huja. Nyuma kukawa na kwaya kamili, sauti zote nne, na wengine ni wa kwaya ya Baba kabisa, wametoka sokoni na vikapu vyao. Meneja alikuwa hajawahi kusikia pambio zito namna ile maishani mwake. Akaongeza mwendo. Tukafika mashine ya kusaga. Tukaipita! Hata pumba hakuziangalia. Kumbe zaidi ya pumba, yule mnyama anapenda sifa.

Barabara kuu sasa. Foleni ya malori imejipanga kama kawaida, madereva wamekaa kwenye vivuli vya matairi, wengine wanapika. Wanasubiri kuvuka, hawana la kufanya, na Mungu amewaletea mimi. Honi zikapigwa foleni nzima. Dereva mmoja Mzambia alisimama na mwiko wake mkononi akanipokea kwa Kibemba, "Mwaiseni, mukwai," karibu sana mheshimiwa. Nikatazama mbele. Malori, malori, halafu mpaka. Nikawaza: kwa mwendo huu naingia Nakonde bila hati, juu ya mnyama asiye na hati, na kwaya isiyo na hati.

Hapo ndipo hofu ilipokuwa hofu. (Kuna jambo lilitokea kwenye kitambaa cha tandiko wakati huu. Kililowa. Meneja hahusiki. Tusiliongelee zaidi.)

Kumbe huku nyuma, mara tu tulipotoka getini, Vumi alianza kugonga kiti chake kwa mkono, akapiga kelele hadi ofisi ikafunguka. Baba akatoka, akaona uwanja hauna punda, hauna mtoto wake wa kwanza, geti liko wazi, na kwa mbali anasikia kwaya. Akataka kukimbia peke yake. Vumi akashika koti lake hakuliachia. Ikabidi Baba akimbie akisukuma kiti. Mama nyuma na kanga kiunoni. Anti Edina kapanda bodaboda lakini bodaboda imekwama ndani ya waumini wangu.

Niliwaona wanatokea kati ya malori mawili, mbele yetu, wamekata njia ya mkato. Baba jasho linamtiririka, koti la kwaya limefunguka, kiti cha Vumi kinaruka mawe. Nikasema nimepona. Mwalimu wa kwaya amefika. Mtu mmoja tu Tunduma anayeweza kuinyamazisha kwaya hii ni yeye.

Baba akasimama katikati ya barabara akanyanyua mikono yote miwili kuwazuia.

Wanakwaya wake wakaona mwalimu kanyanyua mikono.

Wakapandisha sauti.

Wanangu, sijawahi kumwona baba yangu akiwa hana la kufanya. Akishusha mikono, wanashuka. Akiinyanyua, wanapanda. Akiitikisa kwa hasira, wanaweka madoido. Alifungua mdomo kupiga kelele, kelele ikamezwa na besi. Meneja akampita. Kweli tena, akampita baba yangu kama nguzo ya umeme, na mimi juu nikaacha kuomba watu nikaanza kumwomba Mungu, kwa sauti yote niliyobakiza.

Vumi akainua mkono.

Niliuona kwa sababu namjua. Ulikwenda juu mpaka mwisho, kama siku zote. Ila hapa si kituoni. Hapa hakuna anayejua sheria. Watu waliona mtoto kwenye kiti kainua mkono, wakadhani anasifu, wakamfurahia, wakaimba zaidi. Mkono ukabaki juu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, anatafuta nani amwambie watu hawa ile amri, na Anti Edina yupo mbali kule, amezibwa.

Basi akavuta pumzi. Mabega yakapanda. Mgongo ukasimama wima mbali na kiti.

"Nya."

Yule mama wa matembele, aliyekuwa karibu naye, akakatisha wimbo.

"Nya-ma."

Baba akageuka. Mikono ikamwanguka yenyewe. Na mikono ya mwalimu ilipoanguka, kwaya yote ikaanguka nayo.

"Nyamaza."

Halikuwa neno la kunong'ona. Lilitoka limepinda kidogo, limechelewa miaka tisa, lakini lilitoka lote, na kila mtu pale alilisikia. Barabara ikawa kimya. Madereva kimya. Honi kimya. Meneja akasimama, mguu mmoja hewani.

Kimya kabisa, isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo baada ya kuuona ule mkono alikuwa amefumba macho tena akazama kwenye sala (hayo mengine alisimuliwa baadaye), kwa hiyo hakujua kwamba wengine wameacha, na Tunduma nzima ikamsikia vizuri sana akimalizia sala yake:

"...na nakuahidi Baba wa mbinguni nikishuka salama nitawaambia kidato cha tatu wote kwamba ni punda, picha nilikata masikio, na ile nyama ya Vumi ni mimi, na hiki kitambaa nitakifua mwenyewe, amina."

Nikafumbua macho. Watu wote wananiangalia. Simu ya Zabroni inaniangalia. Mwiko wa Mzambia unaniangalia. Nikafungua mdomo nijitetee.

Vumi akanitazama moja kwa moja, mkono bado uko juu.

"Nyamaza."

Kilichofuata hakikuwa kicheko, kilikuwa mafuriko. Dereva mmoja alilala chini kabisa. Mama wa matembele alijifuta machozi kwa matembele.

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye lami mbele ya kiti, kashika magurudumu yote mawili. Akamwambia, taratibu kama mtu anayeomba maji, "Rudia, mwanangu. Mara moja tu."

Vumi akamfikiria kidogo.

"Nyamaza," akamwambia.

Na Baba akanyamaza. Mama alikuwa amefika, anahema, kanga mkononi. Alisimama juu yake pale alipopiga magoti akamuuliza, kwa upole ambao mimi ungenitisha, "Baba Obe. Gunia limesemaje?"

Sitawadanganya tena leo, kwa hiyo naandika nilichokiona. Baba aliinuka, akaja kunifungua mkanda, akanishusha kama mzigo wa maharage yaliyooza. Akaona kitambaa kilivyo. Akakitazama, akanitazama mimi, na nikajua siku moja tutaliongea. Kisha akavua koti lake la kwaya, lile la kijivu, akalitandika juu ya tandiko. Anti Edina akawa amefika, akamwonyesha pa kushika, kiuno hapa, goti pale. Baba akamnyanyua Vumi mwenyewe akampandisha mbele ya watu wote, wakiwemo wale wanakwaya. Akamfunga mkanda. Akashika kamba.

Vumi akakaa wima, akatazama foleni ya malori kama mali yake.

Meneja, bila shaka, hakwenda. Hakuna aliyekuwa anaimba. Baba akavuta kamba, hola. Akavuta tena. Anti Edina akainama karibu yake akamwambia kitu, na baba yangu, ambaye alisema punda ni wa mahindi, akakohoa, akatafuta sauti, akaanzisha pambio.

Tulirudi hivyo. Baba mbele na kamba, Vumi juu, kwaya nyuma. Kila baada ya hatua chache Vumi alikuwa anainua mkono na kuwanyamazisha wote, halafu anawaacha wasimame juani mpaka aridhike, bila sababu yoyote ile. Watu wazima! Yule aliyetania habari ya mnadani naye alikuwemo, na nilimwona akifunga mdomo wake mkubwa kila akiamriwa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kiatu kimoja, nasukuma kiti kitupu, nimeshika kitambaa kilicholowa, na Zabroni ananirekodi anasema ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Hukumu yangu imetoka. Jumamosi zote nazoa mavi ya Meneja mpaka nitakapomaliza shule. Zabroni anazoa pamoja na mimi, kwa kosa la kuacha geti wazi. Itumba haijatajwa tena. Baba amempigia bibi simu akamwambia bibi ndiye aje huku, asikie mwenyewe.

Sasa hivi tumemaliza kula. Kila nilipotaka kueleza upande wangu, kutoka kona ya meza nilipewa lile neno. Nilipoomba chumvi, nikapewa. Nilipokohoa, nikapewa. Baba anacheka mpaka anashika mbavu, ndiyo kwanza namwona hivyo.

Nyumba nzima imekubaliana kumwomba Mungu Vumi apate neno la pili. Msinicheke, wanangu, lakini katika maombi hayo hakuna anayenizidi bidii.